Kura Zilizomo Ndani ya Tuta

Anayetaka kuisikia safari hii na aketi vizuri, miguu aikunje chini yake. Tutakuja kuisema sana miguu hiyo, na sitaki mtu aone haya kabla ya wakati.

Kidawa binti Haji alikuwa muuza viungo kutoka kisiwani, mjane wa makamo, mwepesi wa ulimi na asiyejua kutulia mahali pamoja. Njia aliyopita haituhusu. Alitapika, alisali, akafika. Nchi aliyofika inaitwa Tifuni, na imelala bondeni, chini ya mto mkubwa ambao ungeimeza kwa siku moja kama si tuta la udongo lililojengwa na mababu kuuzuia. Nyuma ya tuta hilo ndiko yaliko mashamba, shule, maduka ya vitambaa na watu wenyewe, wanalala usingizi wao bila wasiwasi. Lishike akilini hilo tuta, tutalirudia.

Jambo la kwanza lililomshangaza ni salamu. Langoni alimkuta askari mwenye kofia safi na sharubu zilizochanwa. Kidawa akanyoosha mkono. Askari akageuka, akampa mgongo, akainua mguu wa kulia na kumwonyesha kisigino.

"Lo! Ndo makaribisho gani haya?" Kidawa akasema. "Nimekukosea nini, mwanangu, hata hujanijua jina?"

"Nakuamkia, mama," askari akajibu huku bado amempa mgongo. "Na wewe nionyeshe chako, tujuane."

Kidawa akavua kiatu, akageuka, akainua mguu. Wakabaki hivyo kwa muda, wamepeana migongo, kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja anatazama nyuma juu ya bega. Kisigino cha Kidawa kilikuwa na nyufa, kikavu, na hakikuwa na rangi yoyote ya maana. Askari akakiangalia, akainama karibu zaidi, kisha akapiga kelele ndani ya kibanda: "Hana udongo!" Alisema kwa huruma kubwa, kama daktari anayewapa ndugu habari ya mgonjwa.

Mambo yalikuwa hivi. Tifuni ina udongo wa namna tatu. Upande wa mawio ni mwekundu, katikati ni mweusi, na upande wa machweo ni mweupe unaofanana na unga wa muhogo. Zamani, watu walipotembea pekupeku, udongo wa kwao uliingia katika nyufa za visigino na haukutoka hata kwa jiwe la kusugulia. Basi mtu akatambulika kwa kisigino: huyu Mwekundu, huyu Mweusi, huyu Mweupe. Kwa sura, niwaambie mapema, hawakupishana. Kidawa aliwatazama sana, akaona wote wana rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, wengine mengi kuliko wengine, katika kila upande. Alipowaambia hivyo walimcheka kwa upole, wakasema mgeni huchukua muda kuzoea.

Siku hizi barabara za Tifuni zina lami na watu wanavaa soksi. Visigino vyao ni laini, na vikioshwa ni vile vile vyote. Hilo halikuwasumbua hata kidogo. Kila nyumba ina kopo kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, limejaa udongo uliochotwa shamba kwa babu. Asubuhi mtu anaoga, anajifuta, anachovya kidole katika kopo, anapaka kisigino, kisha anavaa soksi zenye tundu nyuma. Soksi hizo zinauzwa dukani zikiwa na tundu lake, na Kidawa alinunua pea moja kwa kuzipenda tu.

Aliyemchukua nyumbani ni mama mmoja aliyekuwa amesikia ukelele wa askari, jina lake Bi Sikudhani. "Twende kwangu, dada," alisema. "Huwezi kukaa langoni mchana kutwa kwa sababu ya kisigino." Kidawa akambebesha kapu la karafuu, yeye akabeba la mdalasini, wakaondoka wanazungumza kama waliokua pamoja.

Nyumba ya Bi Sikudhani ilikuwa na jambo lisilo la kawaida. Kabatini mlikuwa na makopo mawili. Moja lilikuwa la udongo mwekundu, lake mwenyewe. La pili lilikuwa la udongo mweusi, la marehemu mumewe, Mzee Shomvi. Wawili hao walioana kwa mapenzi, na ndugu wa pande zote walikula pilau ya harusi yao wakiwa wamenuna. Alipomaliza kusimulia hayo, Bi Sikudhani akafungua kopo jeusi, akalisogeza puani, akafumba macho.

"Alikuwa ananukia hivi akitoka shamba," akasema. "Hasa mvua ikianza."

Kidawa alikuwa amekwisha kuandaa mzaha juu ya makopo, mzaha mzuri kweli, nao ukamfia mdomoni. Yeye mwenyewe alikuwa na kofia ya mumewe ndani ya sanduku, haijafuliwa tangu siku aliyoivua mara ya mwisho. Akaomba na yeye anuse. Akanusa, na machozi yakamtoka kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Bi Sikudhani alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aitwaye Sanura. Huyu alikwenda kusoma mbali, akasomea udongo wenyewe, yaani jinsi unavyoshika maji na jinsi unavyoachia, na aliporudi akawa msaidizi wa Mkuu wa Tuta. Mkuu huyo alikuwa amefariki, na Tifuni ilikuwa inajiandaa kumchagua mwingine. Sanura alikuwa anagombea. Kwa sheria za huko, mtoto ni wa udongo wa baba, kwa hiyo Sanura ni Mweusi. Kwa midomo ya watu, Weusi walimwita yule mtoto wa Mwekundu, na Wekundu walimwita yule Mweusi wa Sikudhani, na Weupe walisema wanampenda sana lakini hawajui wamweke wapi.

Asubuhi iliyofuata Sanura alimchukua mgeni wao akamwonyeshe tuta. Maji upande wa pili yalikuwa yamepanda, ya rangi ya chai, yanabeba magogo. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza milimani. Kidawa akaona tuta limegawanyika sehemu tatu, kila sehemu na rangi yake, na mahali sehemu zinapokutana palikuwa na ufa unaovuja.

"Kila watu wanajenga sehemu yao kwa udongo wao," Sanura akaeleza. "Mwekundu peke yake ukikauka unapasuka. Mweusi ukilowa unavimba, halafu unaachia. Mweupe, mama, huo unapitisha maji kama chujio la nazi. Kila mwaka tunaziba, kila mwaka panavuja pale pale."

"Si mchanganye?"

Sanura akaangalia huku na huku kabla ya kujibu, ingawa hapakuwa na mtu. "Ukilisema hilo neno barazani wanatoa watoto nje. Kuchanganya udongo kwa hapa kwetu ni tusi. Lakini nimejaribu kwa siri, kwenye beseni, nyuma ya nyumba. Ukichanganya namna zote tatu na kukanyaga vizuri, udongo unashika. Nikiwa Mkuu nitaweza kuamuru. Nisipokuwa Mkuu…" Akaelekeza kidole bondeni, kwenye mapaa ya nyumba, kwenye nguo za watoto zilizoanikwa uani.

Kidawa akaelewa kwamba hapa hapakuwa na mchezo.

Sasa niwaeleze uchaguzi wa Tifuni, maana nao una mambo yake. Wagombea husimama nyuma ya pazia refu, wamewapa wapiga kura mgongo, na chini ya pazia vinaonekana visigino tu. Ni marufuku mgombea kusema. Zamani walisema, tena walisema mno. Waliahidi hata kuuhamisha mto, na mwaka mmoja hotuba zilichukua msimu mzima wa kupanda na watu wakala mbegu zao. Wazee wakakasirika, wakatunga sheria ya kunyamaza. Kidawa aliposikia sehemu hiyo alikiri kwamba kwao wangeihitaji. Wapiga kura hupita mmoja mmoja, kila mtu na kikombe cha udongo wake aliouchekecha nyumbani, akaumimina katika mtungi uliowekwa mbele ya visigino anavyovitaka. Mwisho mitungi hupimwa kwa mizani ya pamba. Na kwa kuwa hakuna mwananchi anayeaminiwa kulishika pazia bila kulisogeza upande wake, sheria inataka lishikwe na mtu asiye na udongo.

Ndivyo Kidawa alivyopata cheo cha Mshika Pazia. Mwenyekiti wa Baraza la Visigino, Mheshimiwa Fungameza, mtu mnene, mpole, mwenye miwani ya namna mbili, moja ya kusomea na moja ya kukagulia miguu, alikuja mwenyewe kumwapisha. "Ni kazi ya heshima," alimwambia, na Kidawa akajua hapo hapo kwamba haina posho.

Jioni hiyo, jua bado liko juu ya tuta, mama na mwana waligombana. Kidawa alikuwa jikoni anamenya vitunguu, akasikia yote, na hakujisumbua kujifanya hasikii.

"Weusi ndio wengi," Bi Sikudhani alisema. "Na huyo wanayemsimamisha, Mwinjuma, kila mkutano analala. Wanatafuta sababu ya kumwacha. Basi wewe chukua kopo la baba yako, upake miguu yote miwili, upake udongo mzito. Na siku hiyo mimi sitoki nje. Wakiniona watakumbuka."

"Nikufiche, mama?"

"Siku moja tu."

"Nikufiche kabatini nyuma ya vikombe, halafu nikishinda nikutoe?"

"Mwanangu, mimi nimekwisha kuzeeka, kufichwa hakuniumizi. Mto ndio unaonitisha. Ukipata hicho cheo utaliziba tuta. Ukikikosa, fahari yako hiyo tutaogelea nayo."

Sanura aliingia chumbani akafunga mlango, na Bi Sikudhani akaja jikoni, akachukua kisu mkononi mwa Kidawa na kuanza kukatakata vitunguu ambavyo vilikuwa vimekwisha kukatwa. "Nimesema sawa au nimekosea?" akauliza.

"Umesema kama mama," Kidawa akajibu. "Usiniulize zaidi, mie mgeni." Kwa kweli alitamani kulia, na vitunguu vikamsitiri.

Siku ya uchaguzi uwanja ulijaa. Ni uwanja uliotandikwa mawe, chini kabisa ya tuta, na watu walikuja wamevaa vizuri, vikombe vyao vya udongo vimefunikwa kwa vitambaa vilivyotariziwa. Wagombea walikuwa wanne. Kondo wa Wekundu, mfanyabiashara wa mabati, alikuwa na visigino vyekundu kama nyanya. Mwinjuma wa Weusi alikuwa amekwisha kuegemea nguzo. Feruzi wa Weupe alikuwa kijana msafi, aliyekuwa na wasiwasi kwamba umande ungemharibia rangi. Sanura alikuja wa mwisho, amejifunga kanga hadi chini. Mheshimiwa Fungameza akabadilisha miwani, akapiga magoti, akaomba ainue.

Kisigino cha kulia kilikuwa chekundu. Cha kushoto kilikuwa cheusi.

Baraza likasimamisha kila kitu likakaa kikao pale pale. Kidawa ameshika pazia, akasikiliza. Mjumbe wa Wekundu alisema mguu wa kulia ndio unaotangulia kuingia nyumbani, kwa hiyo mgombea ni Mwekundu, na ikiwa ni Mwekundu basi hawamtaki, kwa sababu wanaye Kondo. Mjumbe wa Weusi alisema sheria ni ya baba, kwa hiyo ni Mweusi aliyejipaka matope, na mtu aliyejipaka matope akaoge. Mjumbe wa Weupe alipendekeza kwa nia njema kabisa kwamba mgombea asimame kwa mguu mmoja asubuhi na mwingine mchana. Hoja hiyo ilijadiliwa kwa kirefu, ikaangushwa kwa sababu ya afya.

"Na mwenyewe hamumuulizi?" Kidawa akasema kwa sauti.

"Mshika Pazia hasemi," Mheshimiwa Fungameza akamkumbusha kwa adabu. "Na mgombea naye hasemi, mama. Tungemuulizaje?"

Mwisho wakatoa uamuzi, na wakafurahi nao kwa sababu haukumuudhi mtu yeyote aliyekuwa na kiti pale. Kwa kuwa Sanura ni Mwekundu kwa nusu na Mweusi kwa nusu, kila kikombe atakachomiminiwa kitahesabiwa nusu. Tena sheria inataka kila udongo upimwe peke yake, kwa hiyo mtungi wake utachambuliwa kwanza, mwekundu kando na mweusi kando. Sanura alisikiliza kutoka nyuma ya pazia. Ni Kidawa tu aliyeuona uso wake, na alitamani asingeuona.

Watu wakaanza kupita. Wengi walifanya kama walivyofanya babu zao, rangi kwa rangi, kikombe pwaa ndani ya mtungi, wakaenda kununua mahindi ya kuchoma. Lakini Kidawa, aliyekuwa mahali anapoona pande zote, aliona mambo. Aliona Mwekundu anayekaa nyumba ya kwanza chini ya ufa akisimama mbele ya mtungi wa Kondo, akatazama juu kwenye tuta, akatazama kulia na kushoto, kisha akamimina haraka kwa Sanura na kuondoka anapiga mluzi. Aliona bibi wa Weupe, ambaye kwa Sanura hakuwa na hata kisigino kimoja cha rangi yake, akamimina akasema, "Nyumba yangu inaloa." Halafu wakaja wale ambao hakuna aliyejua kwamba wako wengi hivyo. Walikuja na pakiti mbili mbili zilizofichwa kiganjani, nusu kikombe cha baba na nusu kikombe cha mama, wakamimina zote mbili kwa Sanura. Mmoja wao alikuwa yule askari wa langoni. Kidawa akamkonyeza, naye akajifanya haoni, sharubu zinamcheza.

Jua lilipofika kati shingo zote uwanjani ziligeuka. Bi Sikudhani alikuwa amekuja. Alivaa nguo zake za harusi, na mikononi alibeba makopo mawili wazi, kila mtu ayaone. Alipita mbele ya watu wote bila kuharakisha, akafika kwenye visigino vya mwanawe, akainama akavitazama.

"Cha kushoto umekipaka vibaya," akasema. "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Hakujua kupaka."

Nyuma ya pazia Sanura aliuma ncha ya kanga, kwa sababu mgombea haruhusiwi kusema. Bi Sikudhani akamimina kopo lake lote. Akalichukua la mumewe, akalisogeza puani mara moja, akalimimina lote pia mpaka chini kabisa, akalipiga mgongoni ili hata vumbi lisibaki. Pazia likatetemeka upande mmoja, na Baraza lilimwandikia Mshika Pazia onyo. Alilistahili, alikuwa analia kamasi.

Alasiri wakaanza kupima. Mtungi wa Kondo ulikuwa mzito, wa Mwinjuma ukauzidi kidogo, wa Feruzi ukapungua. Mtungi wa Sanura ulijaa mpaka mdomoni, na mtungi wa ziada uliowekwa kando yake ulikuwa umejaa pia, lakini ulikuwa lazima uchambuliwe. Wajumbe wakatandika mikeka, wakamwaga udongo, wakavaa miwani, wakaanza kutenga chembe nyekundu, nyeusi na hata nyeupe kwa vijiti vya meno. Walikuwa waangalifu sana. Walipopata chembe yenye utata waliipigia kura.

Ni katika kuipigia kura chembe moja ya namna hiyo ndipo maji yalipoupata ufa. Hayakuja kwa kishindo. Ilisikika sauti ya kitu kinachonyonywa, bonge la udongo likateleza kutoka pale mwekundu unapokutana na mweusi, na mchirizi mnene kama paja ukaruka uwanjani ukawalowesha wanunuzi wa mahindi.

"Tuta! Tuta linaachia!"

Sanura alitoka nyuma ya pazia amekwisha kujifunga kanga kiunoni. Watu walikimbilia majembe, wakachimba pembeni, lakini udongo wa pembeni ulikuwa tope tupu, ukitiwa unateleza na maji. Alihitaji udongo mkavu, uliochekechwa, mwingi, na alihitaji sasa hivi. Akageuka akaiona mitungi.

Mheshimiwa Fungameza akaona alichokiona, akaukumbatia mtungi wa Kondo kwa mikono yote. "Hizi ni kura, binti yangu! Kura za wananchi! Hujui mimi nimeapa?"

"Najua, baba. Na nyumba yako iko wapi?"

Mheshimiwa akageuza shingo. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwenye tuta, ina mlango wa kijani, na mkewe alikuwa kibarazani anachagua mchele. Akautazama mtungi. Akavua miwani ya kusomea, kisha akavua na ile ya kukagulia, akaitia yote mfukoni. "Nishikie upande huo, Kondo," akasema, "mzito huu."

Wakaumwaga. Wakamwaga wa Mwinjuma, naye Mwinjuma mwenyewe aliamka akasaidia kwa nguvu ambazo hakuna aliyezijua. Wakamwaga wa Feruzi. Wakakunja mikeka pamoja na chembe zote zilizotengwa na zisizotengwa, wakaisukumiza ndani ya ufa, na pazia likawekwa juu yake kuushika udongo usichukuliwe. Sanura akapiga kelele, "Kanyageni! Changanyeni kwa miguu! Kwa visigino, jamani, kwa visigino!" Wakavua viatu na soksi zao zenye matundu, wakapanda, wakashikana mabega wakakanyaga. Mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kutwanga na wengine wakaitikia. Kidawa alikanyaga katikati ya Bi Sikudhani na askari wa langoni, anateleza na kucheka na kumwomba Mungu kwa mpigo mmoja. Mchirizi ukawa mwembamba, ukawa jasho, ukakoma.

Waliposhuka walikaa chini kwenye mawe wanahema. Hapakuwa na kisigino kimoja pale ambacho Mheshimiwa Fungameza angeweza kukitolea uamuzi, na haki yake nimpe, hakujaribu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, akasimama.

"Mshindi," alisema, "ni yule ambaye kura zake zikihesabiwa zitakuwa nyingi. Kura zimo ndani ya tuta. Mpaka zitakapohesabiwa, Tuta litaangaliwa na Sanura, kwa muda tu."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya uchaguzi, Baraza la Visigino huvaa nguo rasmi na kupanda juu ya tuta na mizani ya pamba. Mwenyekiti huuliza kama kuna anayetaka kura zitolewe zihesabiwe. Wajumbe huutazama mto upande huu, huzitazama nyumba zao upande ule, na kwa sauti moja huahirisha. Halafu hula. Sanura bado anakaimu, na sehemu ile ndiyo pekee ambayo haijavuja tena. Mwaka hadi mwaka ameirefusha kidogo kila upande, akisema anarekebisha tu kingo, na hakuna mtu aliyepiga kelele. Kuhusu makopo, yamo makabatini kama zamani. Watu wanawapenda babu zao, na Kidawa hakuona sababu ya kuwalaumu. La Bi Sikudhani jeusi lilikuwa tupu kwa muda, mpaka alipopanda juu ya tuta akachota kidogo pale walipokanyaga. Alisema halinukii vile vile, lakini lina kitu cha wote wawili.

Kidawa akarudi kisiwani na soksi zake. Siku ya kwanza majirani walijaa barazani kwake, kahawa ikapita, naye akawasimulia kila kitu, kuanzia salamu za mgongo hadi vijiti vya meno. Walicheka mpaka Mzee Makame, muuza samaki, akalazimika kupigwa mgongoni. Nje, ukutani, kulikuwa na picha za wagombea wa kwao, maana na huku uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mpaka asubuhi hiyo hao hao majirani walikuwa wamegombana vikali juu ya mmoja wao, kama babu yake alizaliwa hapa au alikuja, na kama nywele zake ni za upande wa mama.

"Watu wajinga kweli hao," Mzee Makame akasema, anajifuta macho. "Visigino! Yarabi!"

"Wajinga," wakaitikia wote.

Mzee Makame akanywa funda la kahawa, akamsogelea Kidawa na kushusha sauti.

"Lakini huyo Sanura, Bi Kidawa, hebu tuambie ukweli. Hasa hasa, yeye ni wa udongo gani?"

Na baraza zima likanyamaza, vikombe mkononi, likingoja jibu.